Tuta la Nyumbani na Tuta la Sokoni

Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya neno dogo, nalo ni habari ya wadudu wa kabichi. Huenda wengine watacheka wakiliona katika ukurasa huu, lakini na wangoje kidogo. Swali letu ni hili. Mtu ana matuta mawili ya mboga, moja la kupikia nyumbani na moja la kupeleka sokoni. Wadudu wakija, hunyunyiza sumu katika tuta la sokoni tu, na lile la nyumbani huliacha safi kwa ajili ya watoto wake. Je, mtu huyo ametenda nini? Hakuiba. Hakusema uongo, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Hakumpiga mtu, wala hakumtukana. Pengine hata sheria hakuivunja. Walakini moyo wa kila asikiaye habari hii hushtuka kidogo, naye hajui mara moja kwa nini umeshtuka. Twataka kuitafuta sababu yake.

Habari yenyewe si ya kubuni. Katika nchi zetu za milimani, Usambara, Kilimanjaro, Meru, Njombe, na mahali po pote pastawipo kabichi, tumesikia watu wakiisema waziwazi, tena bila haya. Mama humwambia mtoto, "Usichume kule, kule ni kwa kuuza, chuma hapa karibu na jiko." Mtoto hutii, naye hukua akijua ya kuwa duniani kuna kabichi ya aina mbili.

Kabla ya kumhukumu mtu, na tumjue kwanza mdudu amjaribuye. Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, ni wadogo kama punje ya ulezi, na miili yao ni laini. Wako wa aina nyingi. Yule apendaye jamaa ya kabichi, yaani kabichi yenyewe, sukuma wiki, koliflawa, figiri, loshuu na haradali, hutambulikana kwa vumbi jeupe kama unga wa nta lililomfunika, hata kundi lake huonekana kama majivu yaliyomwagika juu ya jani. Hukaa upande wa chini wa majani na ndani ya moyo wa kabichi, mahali ambapo jua halimchomi wala mvua haimpigi. Kinywa chake ni mfano wa sindano. Huichoma katika jani mpaka kuifikia njia ya utomvu, kisha hukaa papo hapo akifyonza mchana na usiku. Majani hujikunja na kugeuka manjano, mche mchanga hudumaa, na kabichi isiyofunga bado huenda isifunge kabisa. Tena huchukua magonjwa ya mimea kutoka mche mmoja hata mwingine, kama mbu achukuavyo malaria kutoka mtu hata mtu.

Lakini ajabu yake kubwa ni uzazi. Katika Ulaya, baridi ikikaribia, madume huzaliwa na mayai hutagwa. Huku kwetu hawana haja ya kungojana hivyo. Jike huzaa bila dume, huzaa wana walio hai, nao wote ni majike. Kila mmoja, akipata joto la kutosha, naye huanza kuzaa baada ya kama juma moja au siku kumi. Wataalamu wameona ya kuwa hata binti asiyezaliwa bado amekwisha kubeba ndani yake mwanzo wa mabinti zake mwenyewe. Bibi, mama na mjukuu hufyonza jani moja pamoja. Jani likijaa sana, huzaliwa wengine wenye mabawa, nao huchukuliwa na upepo mpaka bustani ya jirani.

Twayaeleza haya kwa urefu kwa sababu kosa la watu wengi huanzia hapa. Mtu huona vidukari watano chini ya jani, husema, "Ni watano tu," akaenda zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya majuma mawili matatu hutazama tuta lake limekuwa jeupe, na siku ya soko i karibu, naye hukimbia duka la dawa za mashamba akihema. Hofu ndiyo imnunuliayo ile chupa. Na mtu mwenye hofu hapimi vema: karatasi husema kifuniko kimoja, yeye hutia viwili, ati wafe upesi.

Tena angalieni jina tuliloipa. Twaiita dawa. Katika Kiswahili chetu neno ni moja kwa kile mganga ampacho mgonjwa ili apone na kile tuwanyunyiziacho wadudu ili wafe. "Nimepiga dawa kabichi," husema mkulima, na mtu asikiaye hudhani kabichi ilikuwa mgonjwa ikatibiwa. Hatusemi lugha yetu ina kosa, maana kila lugha ina mazoea yake. Lakini neno likiwa laini mno, tendo nalo huonekana laini. Jaribuni siku moja kusema, "Nimetia sumu katika kabichi nitakazouza Alhamisi," mkaone kama ulimi hautakwama.

Basi dawa hiyo hufanyaje kazi? Nyingi katika zile zitumikazo kwa vidukari huingia ndani ya mmea. Mtu akinyunyiza juu ya jani, mmea huinywa sumu, nayo hutembea pamoja na utomvu. Kidukari aliyejificha ndani kabisa, asikofikiwa na tone hata moja, hufyonza utomvu kama kawaida yake, akafa. Akili hiyo ni kubwa, hatuidharau. Lakini na tufikiri hatua moja mbele. Ikiwa sumu imo ndani ya utomvu wa jani, aoshaye jani huosha nini? Mama wa mjini hununua kabichi, huiosha kwa maji mara tatu, hata huitia chumvi, kisha huikatakata na kuwapikia wanawe kwa moyo mweupe. Ameondoa vumbi la njia, na sumu iliyobaki juu ya jani. Ile iliyo ndani maji hayaifikii.

Hiyo hupungua kwa siku tu. Mmea wenyewe, pamoja na jua na joto, huivunja kidogo kidogo. Ndiyo sababu katika karatasi iliyobandikwa chupani huandikwa siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna: dawa moja siku tatu, nyingine juma, nyingine majuma mawili au zaidi. Siku hizo zimewekwa kwa kupimwa. Lakini hazina ukuta wala mlinzi. Kabichi iliyonyunyizwa jana na kabichi iliyonyunyizwa mwezi uliopita zafanana machoni, zafanana mkononi, na pengine hata puani. Katika soko lote mtu mmoja tu ajua tofauti yake, naye ndiye auzaye.

Yako mambo ambayo mnunuzi aweza kuyapima mwenyewe. Mahindi yaliyooza huyaona, maziwa yaliyotiwa maji huyaonja, ng'ombe kilema humtazama akitembea. Hapo auzaye na anunuaye wako sawa, kila mtu na macho yake. Lakini katika jambo hili mnunuzi ni kama kipofu, na auzaye ndiye amshikaye mkono. Kumwacha kipofu atumbukie shimoni na kusema, "Hakuniuliza kama lipo," si kusema uongo. Lakini hatujui ni nani atakayekubali jambo hilo liitwe unyofu.

Wengine watasema, "Dawa hizi zimeruhusiwa na serikali." Ni kweli, na ni vema ziwe na mwangalizi. Katika Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lakini dawa iliyoruhusiwa imeruhusiwa pamoja na kipimo chake na siku zake. Azivunjaye hizo ametoka nje ya ruhusa, ijapokuwa chupa ni ile ile. Tena ruhusa yenyewe hubadilika watu wajuapo zaidi. Mwaka 1939 Paul Müller, mtu wa Uswisi, aligundua ya kuwa DDT huua wadudu, na mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel, maana watu wengi waliokolewa kwayo. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu chake juu ya madhara ya sumu hizo kwa ndege, samaki na watu, na mwaka 1972 nchi yake ikakataza karibu kazi zote za DDT. Nayo dimethoeti, iliyotumika miaka mingi kuua vidukari, ilikataliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2019. Hatuyataji haya ili kuwacheka wataalamu. Twasema tu ya kuwa sheria huja nyuma ya maarifa, na dhamiri yaweza kutangulia.

Na kuna jambo moja katika habari hizi lililotuuma. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza ya kwamba katika kila mizigo kumi ya maharagwe mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya, mmoja upimwe kabla ya kuingia, kwa kuwa masalio ya dawa yalikuwa yameonekana. Wauzaji walilazimika kuzitazama upya dawa zao na siku zao. Basi meza ya mtu wa mbali ina mkaguzi, na mkulima hujifunza upesi kwa ajili yake. Meza ya jirani yetu, anunuaye fungu la sukuma wiki jioni, mara nyingi haina mkaguzi ila sisi wenyewe. Ikiwa twaweza kungoja siku kumi na nne kwa ajili ya mtu tusiyemwona kamwe, mwenye maabara, twashindwaje kuzingoja kwa ajili ya mwalimu wa watoto wetu?

Sasa na turudi kwa yule mwenye matuta mawili. Yeye hamchukii mtu. Sumu ni kidogo. Alaye leo hatakufa leo, na huenda hataugua kamwe. Akiugua baada ya miaka mingi, ni nani awezaye kusema ilikuwa kabichi ya nani? Zamani mtu akimtilia mwenzake sumu, wote wawili walikuwa na majina, na kijiji kizima kilijua. Katika jambo hili madhara yamegawanywa vipande vidogo sana, yakatawanywa kwa watu wengi, kwa miaka mingi, hata hakuna kipande chenye jina la mtu. Hakuna atakayekuja mlangoni kudai. Twadhani hapo ndipo penye mtego. Mioyo yetu imezoea kuogopa kosa lenye mdai. Kosa lisilo na mdai huwa kama si kosa.

Lakini tazameni, yeye mwenyewe amekwisha kutoa hukumu. Hakuna aliyemlazimisha kuligawa shamba lake. Siku alipowaambia watoto wasichume kule, alikiri ya kuwa iko hatari, tena ya kuwa hatari hiyo yatosha kumkinga mtoto nayo. Mkulima anyunyizaye matuta yote mawili na kula kabichi ile ile aiuzayo huenda hajui, naye astahili kufundishwa kwa upole. Huyu wa matuta mawili ajua. Mpaka aliouchora kati ya tuta na tuta ndio ushahidi wake, na aliuchora kwa jembe lake mwenyewe.

Atajitetea hivi: "Je, si wajibu wangu kuwatunza kwanza wanangu?" Hili ni neno la nguvu kuliko mengine yote, na hatutaki kulipita mbio. Kweli, mzazi huwalisha wanawe kwanza, wala hakuna mwenye akili amlaumuye. Lakini kuna tofauti kati ya kutanguliza watu wako katika mema na kuwasukumia wengine mabaya. Nikimkatia mwanangu kipande kikubwa cha nyama, ni mapenzi ya mzazi. Nikichukua nyama iliyoanza kuharibika, nisiyothubutu kumpa yeye, nikamwuzia mtoto wa mwenzangu kwa bei ya nyama nzuri, upendo wangu kwa mwanangu hausafishi biashara ile. Ndio kwanza huidhihirisha, maana waonyesha nilijua nyama ilivyo.

Mwingine atasema, "Wote hufanya hivyo, nikiacha mimi nitapata hasara peke yangu." Neno hili ni la zamani kama masoko yenyewe, nasi hatuna la kuongeza.

Lakini kuna jambo jingine ambalo mwenye matuta mawili hakuliangalia. Lile tuta la nyumbani lilipona kwa nini? Vidukari hawajui kusoma kibao cha "nyumbani" na "sokoni". Waliruka pote pawili. Tuta la nyumbani lilipona kwa sababu li karibu na jiko. Mama akienda kutupa maji hulitazama. Akiona jani limejikunja huligeuza, akiona kundi hulisugua kwa kidole gumba, na jani lililojaa mno hulikata akalitia motoni. Basi njia aijua tayari, tena aijua vizuri. Alichokosa katika tuta la pili ni macho, maana macho yametolewa bure kwa wale tuwapendao, na kwa wengine twaona heri kununua chupa.

Wale wasioijua njia hiyo tutawaeleza kwa ufupi. Kila asubuhi ya pili geuza majani machache ya kila mche, hasa wakati wa kiangazi, maana mvua kubwa huwaangusha wengi. Walio wachache waponde. Wakizidi, chukua lita 1 ya maji na kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji isiyo kali, au paruza sabuni ya mche ukaiyeyushe, kisha unyunyize jioni, chini ya majani na ndani ya moyo. Ule unga wa nta huyafukuza maji matupu, lakini maji ya sabuni hupenya, na mdudu aliyeloweshwa hufa. Asiyeloweshwa haumii, kwa hiyo rudia baada ya siku tatu au nne. Tena jaribu kwanza katika majani mawili, maana sabuni ikizidi huunguza. Penye mwarobaini, twanga kokwa zake, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, zilale usiku mmoja, uchuje. Hauui mara moja, lakini hukatisha ulaji na ukuaji wao. Wala usizidishe mbolea ya chumvichumvi, kwa kuwa majani laini yaliyonenepa kwa haraka ndiyo wapendayo.

Na hapa yatupasa kuwaonya wale wadhanio ya kuwa kila kitokacho mwituni ni salama. Maji ya tumbaku ni sumu kali, hupita hata katika ngozi ya anyunyizaye. Utupa ndio ule wavuvi waliotumia kulevya samaki, basi usiuoshe karibu na mto. Pareto, ilimwayo Kenya na katika nyanda za juu za kusini za Tanzania, huvunjwa upesi na jua, na hiyo ni sifa yake. Lakini haichagui, huua na wadudu walio rafiki zetu.

Maana rafiki tunao. Yuko yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye watoto humpenda. Hula makumi ya vidukari kwa siku. Lakini mwanawe hana uzuri huo. Ni mweusi, mrefu, mwenye miguu sita na mabaka ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba mdogo, naye hula kwa pupa kama mama yake. Watu humwona katikati ya vidukari, humdhania kuwa ndiye mharibifu, wakamponda yeye wa kwanza. Tena yuko nyigu mdogo sana, asiyezidi kidukari mwenyewe, atiaye yai lake ndani ya kidukari. Ukiona katika kundi wengine wamevimba, wamekauka, wamekuwa rangi ya kahawia kama kibuyu kidogo, jua ya kuwa nyigu amepita. Liache jani lile. Nao nzi wenye mistari ya manjano, wasimamao hewani bila kusogea, huja kwa ajili ya maua, basi acha giligilani kidogo ichanue kando ya tuta, na funza wao watakula vidukari wako. Apigaye sumu kwa hofu huwaua na hawa wote. Wa kwanza kurudi ni vidukari, kwa kuwa wao huzaa bila kungoja, na rafiki hurudi nyuma yao wakiwa wamechelewa. Ndivyo mtu anavyolazimika kunyunyiza tena, na tena.

Hatudanganyi ya kuwa kazi hii haina gharama. Gharama yake ni saa za asubuhi, na katika nyumba zetu nyingi saa hizo ni za mama na za watoto. Mwanamume asemaye nyumbani mwake, "Tusitumie sumu," kisha akaenda kuketi barazani, amesema neno jema kwa mgongo wa mwingine. Tena ekari nzima haiwezi kutazamwa jani kwa jani kama matuta mawili. Kwa mwenye shamba kubwa hatusemi asiguse dawa kamwe. Twasema achague ile iliyosajiliwa kwa mboga hiyo, apime kwa kipimo, avae nguo za kumkinga, aandike tarehe, na angoje siku zote zilizoandikwa. Atendaye hivyo ale kabichi ile yeye na wanawe, nasi tutainunua kwa furaha. Na asiyejua kusoma, ni nani atakayemsomea? Sisi tujuao kusoma tumewasomea jirani zetu barua za watoto wao. Karatasi ya chupa ni barua nayo. Wala tusinyamaze tuonapo sumu ikiuzwa kwa kupimwa katika chupa ya soda isiyo na maandishi, maana mtoto ajua soda ni ya kunywa.

Sasa neno gumu. Na tuseme yuko mama mjane. Karo ya mtoto yatakiwa Ijumaa. Jumatatu alinyunyiza, kwa sababu tuta zima lilikuwa linakufa, na siku za kungoja ni saba. Alhamisi ni soko. Tumwambie nini? Mtu aliyeshiba hulijibu swali hili upesi mno. Kusema "Asivune" ni rahisi kwa yule asiye na mtoto wa kurudishwa nyumbani. Hata hivyo hatuwezi kumwambia avune, kwa kuwa alaye naye ana mtoto. Twaona ya kuwa swali hilo, likiletwa kwake peke yake, limeletwa kwa mtu asiyestahili. Juma moja la kungoja ni deni dogo. Mwalimu wa shule aweza kungoja juma. Jirani mwenye ng'ombe wa maziwa aweza kukopesha. Wazee wa mtaa waweza kuuliza mapema kabla haijafika Ijumaa. Ikiwa sote twataka kabichi safi, na sote twajua ya kuwa mjane ndiye atakayelipa gharama ya usafi ule, basi kunyamaza kwetu ni tuta la pili.

Wala wanunuzi wasijitoe. Tumewatazama sokoni wakiigeuza kabichi mara nne, wakitafuta tundu moja au kidukari mmoja, na wakimwona huitupa chini kwa dharau na kuchukua ile ing'aayo. Kidukari huonekana, tena hutoka kwa maji ya chumvi. Sumu haionekani wala haitoki. Nasi twalipa shilingi zaidi kwa ile isiyoonekana. Auzaye si mjinga, ameona macho yetu yapendavyo, akayapa. Mnunuzi atakaye kabichi salama na awe tayari kununua jani lenye tundu, na aulize kwa sauti ya kawaida, bila kushtaki, "Mama, hii umeinyunyiza lini?" Swali hilo likizoeleka sokoni, litafanya kazi kuliko wakaguzi wengi. Linamwondolea auzaye ile nafasi ya kusema hakuulizwa.

Neno moja dogo tulitaja kwa sababu liko mbele yetu kila Jumapili. Baada ya ibada mboga zilizoletwa kuwa sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na watu hupandisha bei kwa furaha na vicheko. Hatutauliza kila kabichi imetoka tuta gani. Aliyeileta ajua.

Twabakiwa na jambo la visiki. Wengi wakimaliza kukata kabichi huacha mashina yasimame shambani, nayo huchipua majani madogo, na vidukari hukaa humo kwa raha, bila mtu wa kuwatazama, maana hakuna tena kitu cha kuuza. Hapo huzaliwa wale wenye mabawa. Mwenye shamba haoni hasara yo yote. Hasara yaenda ng'ambo ya ua, kwa jirani aliyepanda miche juzi. Basi siku ile ile kabichi ya mwisho ikatwapo, mashina yang'olewe na mizizi yake, yapewe ng'ombe au yafukiwe chini sana. Lakini kama yamenyunyiziwa dawa, ng'ombe naye na angoje siku zake. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na ifanywe kabla mwenye ua wa pili hajapanda.